Ekari Arobaini na Kulungu Wasio Wangu

Hati ya ardhi yetu inataja ekari arobaini za mteremko, msitu na kipande cha malisho katika Kaunti ya Richland, kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin, Marekani. Mipaka yake imeandikwa kwa kipimo kilichoanza na sheria ya mwaka 1785: mraba wenye maili moja kila upande una ekari 640, robo yake ni ekari 160, na robo ya robo hiyo ndiyo ekari 40, kipande ambacho wenyeji wamekizoea kiasi kwamba mtu akisema "arobaini yangu" hakuna anayemuuliza arobaini ya nini. Hati inataja pia njia ya kupita, kijito, na nguzo ya chuma iliyozikwa kwenye kona ya kaskazini-mashariki. Kulungu hawatajwi popote, ingawa ndio wanaoitumia ardhi hiyo usiku na mchana kuliko sisi.

Jambo hilo lilinichukua muda kulielewa. Kwa sheria za huku mnyamapori ni mali ya umma wa jimbo, na mwenye ardhi ana mamlaka ya kumzuia mtu asiingie kwake, lakini hana mamlaka ya kumwita kulungu wake hata kama mnyama huyo amezaliwa chini ya mti wake na kukulia kwenye malisho yake. Nilipomweleza Baba kwa simu, yeye akiwa Handeni, hakushangaa hata kidogo. Aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi ni kama huku, mwanangu. Shamba ni la mtu, mnyama ni wa Serikali." Alikuwa sahihi, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema hivyo hivyo, kwamba wanyamapori ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Tofauti niliyoiona baadaye ni kwamba hapa mwananchi wa kawaida, kwa leseni ya dola 24, anapewa sehemu yake ya mali hiyo ya umma kila mwaka, na pamoja nayo anapewa kazi ambayo sikuijua nilipokuwa natia saini.

Naandika "kulungu" kwa sababu ndivyo Waswahili wengi tunaoishi huku tunavyomwita, ingawa kulungu wa kwetu ni jamaa ya swala, ambaye pembe zake hazianguki maisha yake yote. Huyu wa Wisconsin, mwenye mkia mweupe chini anaouinua kama bendera anaposhtuka, huangusha pembe zake kila majira ya baridi na kuota nyingine mpya zilizofunikwa ngozi yenye manyoya laini, ambayo huikwangua kwenye miti mwishoni mwa kiangazi. Wenzetu wanaosoma Zaburi ya 42 wanamjua jamaa yake kwa jina la ayala. Nitabaki na kulungu.

Hatukununua ardhi hii mwaka 2017 kwa ajili ya kuwinda. Mke wangu alitaka bustani na mimi nilitaka miti, na msitu ulikuwa na miti ya kumtosha mtu yeyote: mialoni mikubwa yenye umri unaozidi miaka mia moja, mihikori, na mijozi kandokando ya kijito. Eneo hili halikufikiwa na barafu za kale zilizosawazisha sehemu kubwa ya jimbo, kwa hiyo ni nchi ya vilima vikali na mabonde membamba, na mialoni imeota mpaka kwenye miamba ya mchanga. Katika masika ya kwanza nilimwomba afisa misitu aje kuniambia ninamiliki nini. Alitembea kwa saa mbili akitazama juu, kisha akapiga magoti na kunitaka nami nipige magoti. "Mitoto yake iko wapi?" aliniuliza. Chini ya mialoni ile mikubwa hapakuwa na mwaloni mchanga hata mmoja uliofika magotini. Palikuwa na vijiti vifupi, kila kimoja kimekatwa ncha, na kila ncha ilikuwa imechanika kama kamba iliyokwanyuliwa. Akanieleza kwamba sungura hukata kijiti kwa mshazari, kama kwa kisu, kwa sababu ana meno makali juu na chini, lakini kulungu hana meno ya mbele katika taya ya juu, kwa hiyo hukibana na kukivuta mpaka kichanike. Msitu wangu ulikuwa msitu wa wazee wasio na wajukuu, na waliowala wajukuu walikuwa ndio wale wanyama ambao kila jioni tuliwatazama dirishani kwa furaha.

Nilipanda miche mia mbili ya mwaloni mweupe. Miche arobaini niliizungushia waya, na mingine niliiacha wazi kwa kuwa fedha ya waya iliisha. Masika yaliyofuata, yote iliyobaki hai ilikuwa ndani ya waya.

Naona ni vyema kueleza ilivyotokea, maana kulungu hawakuwa wengi hivi siku zote. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamewindwa mno na misitu ilikuwa imekatwa, hata kuanzia mwaka 1925 bunge la jimbo likaamuru msimu ufungwe mwaka mmoja na kufunguliwa mwaka mwingine, hali iliyoendelea kwa takriban miaka kumi. Walipolindwa walizaana, wakakuta mbwamwitu wametoweka kusini mwa jimbo na mashamba ya mahindi na soya yamejaa chakula. Katika Kaunti ya Sauk, inayopakana na yetu, Aldo Leopold, mtaalamu wa uhifadhi wa wanyamapori, alinunua mwaka 1935 shamba lililochakaa kando ya Mto Wisconsin, akapanda maelfu ya misonobari pamoja na mke wake na watoto wao. Alipoingia katika tume ya uhifadhi ya jimbo mwaka 1943 alisema waziwazi kwamba kulungu wamezidi uwezo wa misitu na kwamba majike nayo lazima yawindwe, na wawindaji wengi, waliolelewa kuamini kwamba mwungwana huwinda dume tu, walimkasirikia vibaya. Mimi nilipousikia ubishi huo kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa waliokasirika. Kumwua jike kulionekana kwangu kuwa ukatili. Ni ile miche iliyochanika ncha ndiyo iliyonibadilisha, kwa sababu dume mmoja hupanda majike mengi, na idadi ya wanyama hupungua tu pale majike yanapopungua.

Msimu wenyewe wa bunduki ni siku tisa. Huanza Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na mwaka 2024 Jumamosi hiyo iliangukia tarehe 23, ikiwa ndiyo tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana katika kalenda. Kwa wenyeji hizi ni siku zenye heshima yake: watoto waliohamia mijini hurudi makwao, maduka madogo hufunguliwa kabla ya alfajiri, na tangu mwaka 2003 haki ya kuvua na kuwinda imeandikwa katika katiba ya jimbo. Mtu aliyezaliwa mwaka 1973 au baadaye hapewi leseni bila cheti cha mafunzo ya usalama, au bila kuandamana na mlezi mwenye uzoefu. Mimi nilisoma darasa moja na mwanangu wa kiume, yeye akiwa na miaka kumi na miwili, na naweza kusema kwamba hapakuwa na somo lililorudiwa zaidi ya hili: usilenge usichokitambua, na ujue kilichopo nyuma ya unachokilenga. Sheria inataka pia angalau nusu ya vazi la nje, kuanzia kiunoni kwenda juu, liwe na rangi ya chungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa, ambayo iliruhusiwa mwaka 2016. Kulungu haitofautishi rangi ya chungwa na kijani, kwa hiyo vazi linalomwokoa binadamu machoni pa binadamu mwenzake halimtambulishi kwa mnyama. Anachokitambua kulungu ni mwendo, na zaidi ya mwendo, harufu.

Kwa sababu ya harufu, mahali pa kujenga dungu palituchukua miaka miwili kupaamua. Nalitumia neno hili kwa makusudi, maana sijapata jingine linalofaa zaidi. Handeni, mahindi yakikaribia kukomaa, Baba alijenga dungu katikati ya shamba, miti minne na sakafu ya fito na paa la nyasi, na mimi nikiwa na miaka tisa nilikesha naye humo tukipiga debe ili nguruwe pori wasiingie. Dungu la huku nililijenga kwa mbao, mita nne kutoka ardhini, likiegemea mihikori miwili, na ndani yake kazi ni kinyume cha ile ya utotoni: hupigi debe, hukohoi, husogezi mguu. Upepo wa Novemba huku hutoka mara nyingi kaskazini-magharibi, kwa hiyo dungu liko kusini-mashariki mwa njia ya kulungu, ili harufu yetu ichukuliwe mbali nao, na siku upepo unapogeuka kutoka kusini hatupandi kabisa. Bunduki hupandishwa kwa kamba ikiwa haina risasi, na anayepanda hujifunga mkanda wa usalama tangu mguu unapoacha ardhi, kwa sababu watu wanaoumia kwa kuanguka kutoka kwenye madungu ni wengi.

Lilikuwapo jambo jingine ambalo sisi Waislamu tulilazimika kulitatua kabla ya leseni na dungu. Nilimwendea sheikh wetu, naye alinikumbusha aya ya nne ya Sura Al-Maida, inayoruhusu kula kile kinachokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofunzwa, jina la Mungu likishatajwa, na hadithi za mshale zinazofuata msingi huo huo. Akasema wanachuoni wengi wa sasa wanaihesabu risasi inayotoboa kama mshale. Masharti aliyonipa nimeyashika: nitaje jina la Mwenyezi Mungu ninapofyatua, nikimkuta mnyama angali hai nimchinje, na nikimkuta amefia majini nisimle, kwa kuwa sitajua kama aliuawa na risasi au na maji. Alimaliza kwa kusema nisiwinde kwa mchezo. Sikuwa na nia hiyo, lakini nilifurahi kwamba aliliambia jambo hilo mwanangu akiwa ameketi pale pale.

Jumamosi ya kufungua msimu tulikuwa dunguni kabla ya mwanga, mwanangu akiwa upande wa kushoto, mimi kulia. Sakitu ilikuwa imeukausha msitu hata jani moja lililodondoka lilisikika. Sheria inaruhusu kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na saa hiyo ilipofika milio ya mbali ilianza kusikika kutoka vilima vya upande wa pili wa bonde, mmoja, kisha miwili, kisha kimya. Saa mbili kasoro robo jike mkubwa alitokea kwenye njia pamoja na wadogo wawili, wote wakitembea kwa kusimama na kusikiliza. Mwanangu alinigusa goti, na nilijua swali lake ni la wale wadogo. Tulikwishalizungumza usiku uliopita: watoto wa kulungu huzaliwa mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni, huacha kunyonya kabla kiangazi hakijaisha, na kufikia mwishoni mwa Novemba wanaweza kujitafutia. Jibu hilo ni kweli, na bado si jepesi kulibeba ukiwatazama.

Nilisubiri mpaka wadogo wakasogea mbele na jike akageuka ubavu. Nikasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," kwa sauti ambayo mwanangu aliisikia, nikafyatua. Alikimbia kama hatua themanini, akaanguka. Tulikaa dunguni nusu saa bila kusema neno, kama tulivyofundishwa, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akifuatwa mapema hunyanyuka na kwenda mbali kufa kwa mateso. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kufa, risasi imepita kwenye mapafu yote mawili.

Kazi iliyofuata ni ile ambayo watu wengi wanaokula nyama hawajapata kuiona, nami naamini kila mla nyama angeiona walau mara moja angekula kwa adabu zaidi. Tumbo hupasuliwa kwa ncha ya kisu huku vidole viwili vikiinua ngozi ili utumbo usitoboke, kiwambo kinachotenga mapafu na matumbo hukatwa pembeni, mkono huingia mpaka kwenye koo la hewa na kulikata, kisha vyote hutoka kwa mvuto mmoja vikifuka mvuke katika baridi. Nilimwonyesha mwanangu moyo, mapafu na ini. Matumbo tuliyaacha pale pale, na kufikia adhuhuri tai wenye vichwa vyeupe walikuwa wamekwisha kuyaona. Kwa ajili yao natumia risasi za shaba: risasi za timbi, au madini ya risasi kama wengine wasemavyo, hupasuka vipande vidogo sana ndani ya nyama, na tai anayekula masalia yenye vipande hivyo hupata sumu. Ni ghali zaidi, nami sioni hoja ya kujadili hapo.

Kila mnyama lazima aandikishwe, kwa simu au intaneti, kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata, nawe hupewa namba ya uthibitisho. Kibali cha jike katika kaunti zetu za mashamba hutaja kaunti na aina ya ardhi, ya mtu binafsi au ya umma, na cha kwetu kilisema Richland, ardhi ya binafsi. Baada ya hapo nilikikata kichwa nikakiacha na sehemu ya shingo, nikakitia kwenye mfuko, nikakipeleka kwenye kibanda cha kujihudumia ambacho Idara ya Maliasili ya jimbo imekiweka karibu na kituo cha mafuta, nikajaza fomu inayotaja mahali mnyama alipouawa, na nikabaki na kipande cha karatasi chenye namba. Upimaji ni bure. Hapa ndipo lazima nieleze ugonjwa.

Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika jimbo la Colorado, na Februari 2002 ukathibitishwa hapa Wisconsin, si mbali na mji wa Madison, ikiwa ni mara ya kwanza kuonekana mashariki ya Mto Mississippi. Hausababishwi na bakteria wala virusi. Husababishwa na prioni, protini ya mwili iliyojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine nazo zijikunje hivyo, mpaka ubongo unatoboka kama sifongo. Haziuawi kwa kupika, hukaa udongoni kwa miaka, na mnyama huweza kuzibeba na kuzisambaza kwa mate na mkojo kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla hajaonyesha dalili yoyote. Hakuna chanjo wala tiba. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Katika kaunti zetu za kusini-magharibi zaidi ya robo ya kulungu wanaopimwa siku hizi hukutwa nao, na madume huwa nao zaidi kuliko majike. Miaka ya mwanzo jimbo lilijaribu kuufuta kwa kuwaua kulungu wengi kadiri iwezekanavyo katika eneo lililoathirika, wenye ardhi wengi wakagoma kushiriki, na mpango huo ukaachwa. Siwalaumu waliogoma, kwani waliombwa kuwamaliza wanyama waliowatunza kwa vizazi. Ila mimi niliyekuja baadaye, na kurithi matokeo, natamani wangesikilizana.

Jumatano jioni mwanangu alikuwa zamu yake. Ana miaka kumi na sita sasa, na amelenga shabaha za karatasi kiangazi kizima. Dume mwenye pembe za ncha nane alitokea kabla ya jua kuzama, akasimama umbali wa hatua tisini, naye akalitaja jina la Mungu na kufyatua. Nilijua kwa jinsi mnyama alivyokunja mgongo kwamba risasi imekwenda nyuma kidogo, kwenye ini. Hapo hakuna jingine ila kungoja, na kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kwa kijana kuliko yote aliyoyafanya msimu mzima. Tulikaa jikoni kwa muda wa saa nne. Mama yake alimwekea chai hakuinywa.

Saa tatu na nusu usiku tulifuata damu kwa tochi, tone hapa, jani lililopakwa pale, mpaka kwenye seng'enge ya mpaka wa mashariki, na damu ikaendelea upande wa pili. Tukasimama. Sheria ya huku haimruhusu mtu kuvuka mpaka wa mwenzake kumfuata mnyama aliyemjeruhi, hata kama anamwona amelala hatua kumi mbele, na hata kama hakuna kibao cha kukataza. Nilimpigia simu jirani yetu, mzee anayekaribia miaka themanini, aliyezaliwa katika nyumba anayoishi hadi leo. Hakusema tu kwamba tuvuke. Alivaa, akaja na taa kubwa kuliko yetu, akatembea mbele kwa sababu anakijua kila kishimo cha shamba lake. Yeye ndiye aliyemwona dume, amelala kando ya kijito, hatua tatu kutoka majini. Mwanangu alipiga magoti kwanza kuangalia kama manyoya yamelowa. Yalikuwa makavu. Jirani aliniuliza kijana anatafuta nini, nami nikamweleza lile sharti la sheikh, naye akatikisa kichwa taratibu na kusema kwamba hiyo ni kanuni nzuri.

Alikuwa dume mzuri sana, mnene, manyoya yanang'aa, mafuta yamejaa mgongoni kwa ajili ya baridi. Kwa meno yake tulimkadiria miaka miwili na nusu hadi mitatu. Tulimchuna siku ya Shukrani asubuhi, tukatenga nyama na mifupa, tukaondoa mafuta yote, kwa kuwa mafuta ya kulungu huganda mdomoni na kuharibu ladha, na tukaihifadhi nyama kwenye mifuko iliyoandikwa namba. Kichwa kikaenda kibandani.

Majibu yalitoka baada ya siku kumi na mbili. Ya jike yalitangulia: ugonjwa haukugunduliwa. Ya dume yalifuata siku mbili baadaye, na mwanangu ndiye aliyeyafungua kwa simu yake mezani. Alikutwa nao.

Sikuwa na la kumwambia lenye kumtosha. Aliniuliza kama mnyama yule alikuwa anaumwa, nikamwambia kwamba pengine alikuwa bado hajaanza kuumwa, na kwamba asingeuawa Novemba hii angekuja kukonda, kutokwa mate, kuzubaa katikati ya malisho na kufa, akiwa amewaachia wenzake ugonjwa kwa mwaka mzima au zaidi. Akasema, "Kwa hiyo nilifanya vizuri, na bado hatumli." Nilimjibu kwamba ndivyo. Tulipeleka mifuko yote pamoja na mifupa kwenye jaa linalokubali masalia ya kulungu, maana kuyatupa msituni ni kuirudisha prioni udongoni. Visu tukavilowesha katika maji yenye asilimia arobaini ya jiki kwa dakika tano, kipimo ambacho watafiti wamekionyesha kuwa kinaziharibu prioni juu ya chuma cha pua. Jirani tulimwarifu siku hiyo hiyo, kwa kuwa mnyama alifia kwake. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, halafu akasema kwamba miaka ishirini iliyopita yeye alikuwa miongoni mwa waliowafungia maafisa mageti. Hakuongeza neno, nami sikumwuliza.

Jike tumemla, na nitamsifu kama anavyostahili. Nyama ya kulungu haina mafuta ndani yake, kwa hiyo hukauka upesi motoni na haifai kuchomwa kwa muda mrefu. Mke wangu huilaza usiku kucha kwenye maziwa mtindi, tangawizi na kitunguu saumu, paja likageuka pilau lenye iliki na bizari nzima, na minofu ya mgongoni ikawa mishikaki ya dakika chache tu juu ya makaa. Ijumaa mbili mfululizo tulipeleka sinia msikitini. Nilimpigia Baba simu kumsimulia, naye akauliza ngozi tumeifanyia nini, swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza. Tumeitia chumvi, nayo iko bandani.

Desemba kuna siku nne nyingine, za kulungu wasio na pembe tu, na mwaka 2024 zilikuwa tarehe 12 hadi 15. Sikumshawishi mwanangu. Alhamisi aliporudi shuleni alibadili nguo, akaniuliza upepo unatoka wapi, nikamwambia kaskazini-magharibi. Akapanda dunguni nami nikapanda nyuma yake, na kabla ya giza akampata jike mmoja kwa risasi moja iliyokwenda mahali pake. Kichwa alikipeleka kibandani mwenyewe, akaandika fomu kwa mkono wake, na namba ya kile kipande cha karatasi ameinakili juu ya kila mfuko uliomo ndani ya friza. Ninapoandika haya majibu bado hayajatoka.